Jalada la Buluu

Kitabu kilichowafundisha Wamarekani kusoma kilikuwa kidogo, cha kushikika kwa mkono mmoja, na jalada lake lilibandikwa karatasi ya buluu iliyochujuka upesi mikononi mwa watoto. Watu hawakukiita kwa jina lake refu. Walisema tu “jalada la buluu”, na kila mmoja akajua kinachozungumzwa. Kilitoka mwaka 1783 mjini Hartford, Connecticut, mwaka uleule ambao Uingereza ilitia saini mkataba wa kukubali kwamba Marekani si koloni lake tena. Mwandishi wake, Noah Webster, alikuwa mwalimu kijana wa miaka ishirini na ushei, mwenye shahada ya Yale na mfuko mtupu.

Naanza na kitabu hiki kwa sababu watu wengi wanaotaka kujifunza Kiingereza cha Kimarekani, fasihi ya nchi ile na historia yake huvitafuta vitu hivi vitatu kila kimoja mahali pake: kozi ya lugha huku, orodha ya riwaya kule, na historia mwishoni kabisa, muda ukibaki. Huko vilikotoka havikuwahi kutenganishwa. Kitabu kilichomfundisha mtoto a, b, ch ndicho kilichomwambia yeye ni raia wa nchi gani, nani shujaa, nani wa kuonewa huruma na nani asitajwe kabisa. Ukishalijua hilo, utachagua vitabu vyako kwa jicho jingine.

Kabla ya Webster, watoto wa makoloni walilelewa kwa vitabu viwili. Kimoja kiliitwa The New England Primer, kilichoanza kuchapwa Boston karibu na mwaka 1690. Alfabeti yake ilianza na dhambi ya Adamu na haikupata furaha nyingi baada ya hapo. Cha pili kilikuwa cha Mwingereza Thomas Dilworth, kilichotoka London mwaka 1740, na Benjamin Franklin akakichapa upya Philadelphia mwaka 1747. Mtoto wa shambani Connecticut aliyekisoma Dilworth alikesha akiendeleza majina ya miji ya Uingereza ambayo hangeikanyaga maisha yake yote. Webster aliyatoa majina hayo akaweka ya Marekani. Leo jambo hilo laonekana dogo. Siku zile lilikuwa tangazo la uhuru lililoandikwa kwa ajili ya watoto.

Ukikifungua kitabu cha Webster, kurasa za mwanzo utakutana na kitu ambacho yeyote aliyeanza kusoma kwa Kiswahili atakitambua papo hapo: ba, be, bi, bo, bu, na safu nzima ya konsonanti ikifuata nyayo hizo. Darasa liliziimba silabi kwa sauti, kama tulivyoziimba sisi. Tofauti ni kwamba kwetu, mtoto akishazimudu silabi, amekwisha kujua kusoma. Iliyobaki ni mazoezi. Kiingereza humsaliti mwanafunzi wake kuanzia ukurasa wa pili, maana irabu moja hutamkwa hivi katika neno hili na vingine kabisa katika lile. Webster alipambana na usaliti huo kwa vifaa alivyokuwa navyo. Aliweka tarakimu ndogo juu ya maneno kuonyesha sauti ya irabu, akakata silabi kwa kufuata mdomo unavyotamka, akapanga maneno kwa urefu wake, ya silabi moja kwanza, kisha mbili, kisha tatu na zaidi. Hadi leo sijaona njia ya mkato iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu mzima anayetaka matamshi yanyooke: neno moja moja, kwa sauti, kwa mpangilio.

Baada ya orodha zilikuja sentensi fupi, na baada ya sentensi, hekaya. Mojawapo ni ya mzee aliyemkuta kijana juu ya mtofaa wake akiiba. Akamwomba ashuke, kijana akamwambia waziwazi kwamba hashuki. Mzee akamrushia majani, kijana akacheka. Mzee akaokota mawe. Kijana aliteremka mbio huku akiomba radhi. Mamilioni ya Wamarekani walijifunza kusoma kwa hekaya ile, na nadhani mtu anayefuatilia siasa za nje za nchi hiyo ataitambua.

Webster alikuwa pia mfanyabiashara asiyelala. Aliona mapema kwamba kitabu kama chake kitaibwa na kila mwenye mashine ya kuchapa, basi akaenda jimbo kwa jimbo kuwasihi wabunge wapitishe sheria za hakimiliki. Connecticut ilikuwa na sheria yake mwaka 1783. Sheria ya nchi nzima ikaja mwaka 1790. Kitabu cha buluu ndicho kilichomlisha yeye na familia yake kwa miongo alipokuwa akitunga kamusi. Kamusi kubwa ilitoka mwaka 1828 katika mabuku mawili, ikiwa na maneno kama 70,000, na haikumtajirisha. Tahajia ambayo kompyuta yako inakulazimisha leo, ile ya kuiondoa u katika colour, ilitokana na kamusi hizo zaidi kuliko kitabu cha watoto. Alipendekeza pia tung na wimmen. Watu wakamshukuru na kuendelea kuandika kama zamani. Alipofariki mwaka 1843, ndugu wawili wachapishaji wa Springfield, Massachusetts, George na Charles Merriam, walinunua haki za kamusi, na jina la Merriam-Webster lipo mpaka leo.

Webster, basi, aliwaandikia watoto wa raia. Hakumwandikia Frederick Bailey.

Huyu alizaliwa mtumwa mwaka 1818 katika wilaya ya Talbot, Maryland, na alipokuwa na umri wa kama miaka minane alipelekwa Baltimore kwa Hugh Auld na mkewe Sophia. Bibi huyo hakuwa amewahi kuwa na mtumwa chini ya mamlaka yake, na alimtendea mtoto kama mtoto. Alimfundisha alfabeti, kisha maneno ya herufi tatu na nne. Mumewe alipogundua, alimkataza hapohapo, mtoto akisikia: kumfundisha mtumwa kusoma ni kinyume cha sheria, tena ni hatari, kwa kuwa mtumwa anayesoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Kuhusu sheria, bwana Auld alitia chumvi. South Carolina ilikuwa imepiga marufuku kuwafundisha watumwa kuandika tangu mwaka 1740, Georgia ikaongeza makali mwaka 1829, Virginia na majirani zake wakafuata mwanzoni mwa miaka ya 1830, lakini Maryland haikuwa na sheria ya namna hiyo. Kuhusu hatari hakukosea hata kidogo. Mtoto alisikiliza hotuba ile akapata somo ambalo hakuna kitabu kingempa: akajua njia ya kutokea iko wapi.

Walimu wake waliofuata walikuwa watoto maskini wa kizungu wa mtaani. Nyumbani kwa Auld mkate ulikuwepo wa kutosha, na wale watoto walikuwa na njaa. Kila alipotumwa dukani alibeba kitabu na kipande cha mkate. Alikimbia ili kazi aliyotumwa iishe upesi, na muda uliobaki akabadilisha mkate kwa somo. Baadaye aliandika kwamba angependa kuwataja kwa majina awashukuru, ila angewatia matatani, kwani katika nchi ile ya Kikristo kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa karibu kosa lisilosameheka.

Kuandika alikujifunza kwenye kiwanda cha meli cha Durgin na Bailey. Maseremala wakishachonga ubao na kuuandaa, waliuandika herufi kuonyesha utakapokaa. Wa upande wa kushoto wa chombo ulipata L, wa kulia S, wa mbele F na wa nyuma A. Ubao wa kushoto mbele ukaandikwa L.F., na kadhalika. Mtoto alizisoma zile herufi, akajua maana yake, akaanza kuziiga. Akawa na herufi nne. Kisha akaingia mtaani na mtaji wake huo: akikutana na mvulana anayejua kuandika, humwambia, “Mimi naandika vizuri kukushinda.” Mvulana hakubali. Yeye huchora zile nne kwa ustadi na kumpa changamoto azishinde, na mvulana kwa kiburi chake humwonyesha nyingine. Daftari lake lilikuwa ua wa mbao, ukuta wa matofali na barabara. Kalamu yake, kipande cha chaki.

Hapo ndipo jalada la buluu linapoingia. Alichukua kitabu cha Webster na kunakili herufi za mlazo zilizomo, mara kwa mara, mpaka akaweza kuziandika zote bila kutazama. Jumatatu alasiri bibi alipokwenda kanisani, alibaki nyumbani na madaftari ya shule ambayo mtoto wa Auld alikwishayamaliza, akaandika katika nafasi zilizoachwa wazi, akiiga mwandiko wa bwana wake mdogo.

Alipokuwa na umri wa kama miaka 12 alinunua kitabu chake cha kwanza kwa senti 50. Kilikuwa The Columbian Orator cha mwalimu wa Boston, Caleb Bingham, kilichotoka mwaka 1797: mkusanyo wa hotuba na majibizano ya kuwafundisha wavulana kusema mbele za watu. Ndani yake mna mazungumzo kati ya bwana na mtumwa aliyekamatwa baada ya kutoroka. Bwana anatoa hoja zake zote, mtumwa anazivunja moja baada ya nyingine, na mwisho bwana anamwacha huru. Bingham aliiweka kama zoezi la ufasaha. Fikiria ilivyosomwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe ni mali.

Tarehe 3 Septemba 1838 alitoroka, akabadili jina kuwa Douglass. Mwaka 1845 alichapisha Boston masimulizi ya maisha yake, kitabu chembamba, na kwa kuwa alitaja majina na mahali ilimbidi avuke bahari kwenda Ireland na Uingereza asije akakamatwa. Huko marafiki walichanga fedha wakamnunulia uhuru wake.

Anayeniuliza aanze wapi na fasihi ya Marekani namwambia aanze na masimulizi hayo, na sibabaiki. Kiingereza chake ni cha mtu aliyejifunza kwa makusudi, neno kwa neno, kama anavyojifunza msomaji wa Kiswahili. Hakuna lugha ya mtaani ya kumpoteza mgeni, na sentensi zimepimwa kwa sikio la mtu aliyelelewa na hotuba. Zisome kwa sauti. Dibaji ya mpinga utumwa William Lloyd Garrison iruke kwanza. Ina joto la mimbari na itakuchosha kabla hujafika kwa mwenyewe. Chuo Kikuu cha North Carolina kimeyaweka mtandaoni maandishi yote ya toleo lile la 1845, bure, pamoja na masimulizi mengine mengi ya waliokuwa watumwa, na huo ni utajiri ambao kozi nyingi za kulipia hazina.

Wakati Bailey akichora herufi ukutani Baltimore, magharibi zaidi kilikuwa kikiandaliwa kitabu kitakachochukua nafasi ya Webster madarasani. Kampuni ya Truman na Smith ya Cincinnati ilimtafuta profesa wa Ohio, William Holmes McGuffey, aitungie mfululizo wa vitabu vya kusoma. Viwili vya kwanza vilitoka mwaka 1836, vingine vikafuata, na kadirio la kawaida ni kwamba kwa muda wa zaidi ya karne ziliuzwa nakala milioni 120. McGuffey mwenyewe hakupata utajiri wowote wa maana kutokana nazo.

Ubora wake ulikuwa ngazi. Kitabu cha kwanza kilikuwa na picha na sentensi za maneno machache. Cha nne kilishafika kwa Shakespeare na Biblia, na kwa hotuba zilizofanya sauti za watoto zitetemeke siku ya mahafali. Mtoto wa mpakani ambaye nyumbani kwao hamna kitabu kingine alikutana na fasihi humo, vipande vipande. Katikati ya vipande hivyo alikutana pia na George Washington mwenye shoka.

Kisa hicho nacho kina historia yake. Mchungaji na mchuuzi wa vitabu aliyeitwa Mason Locke Weems alichapisha maisha ya Washington mwaka 1800, muda mfupi baada ya kifo chake. Toleo la mwaka 1806 ndilo lililoongeza hadithi ya mtoto wa miaka sita aliyeuharibu mcheri wa baba yake kwa shoka, kisha akakiri kwa kuwa hawezi kusema uongo. Hakuna ushahidi kwamba jambo hilo lilitokea. Hadithi ya kuwafundisha watoto wasiseme uongo ilikuwa, kwa kila dalili, ya kubuni, na ikapitia vitabu vya McGuffey na vinginevyo mpaka ikawa historia. Henry Ford, aliyevisoma vitabu hivyo utotoni, alivipenda kiasi cha kuvichapa upya na kuihamisha nyumba ya magogo alimozaliwa McGuffey kutoka Pennsylvania hadi kwenye makumbusho yake huko Dearborn, Michigan.

Jambo moja McGuffey alilipitia mbali: utumwa. Vitabu vilitakiwa viuzwe Kaskazini na Kusini, na mchapishaji hakuwa tayari kupoteza nusu ya soko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 na bidhaa za Kaskazini zikakatika, Kusini ilianza kujichapia vyake, hapo kinyago kikavuliwa. Kitabu kimoja cha hesabu kilichotoka North Carolina mwaka 1864 kilimtaka mtoto agawe 49 kwa 7 ili apate idadi ya askari wa Kusini wanaotosha kuwacharaza Wayanki wote waliotajwa kwenye swali. Jibu ni 7. Mwaka uliofuata Kusini ilisalimu amri.

Kiu ya kusoma iliyolipuka baada ya hapo miongoni mwa waliokuwa watumwa haina mfano katika historia ya nchi ile. Ilianza hata kabla vita havijaisha: Mary Peake alifundisha chini ya mwaloni huko Hampton, Virginia, mwaka 1861, na mwaka uliofuata Charlotte Forten, mwalimu mweusi wa Philadelphia, alisafiri hadi visiwa vya South Carolina na kukuta wazee na vijukuu wakigombea nafasi benchi moja. Na kitabu walichokitaka kilikuwa kilekile chenye jalada la buluu. Mchapishaji wa wakati huo, Appleton wa New York, aliuza nakala zaidi ya milioni moja mwaka 1866.

Mmoja wa walioshika nakala alikuwa mtoto wa Malden, West Virginia, aliyefanya kazi kwenye tanuri za chumvi pamoja na baba yake wa kambo. Kila mfungashaji alikuwa na namba yake, na ya baba huyo ilikuwa 18. Jioni msimamizi alipita akiandika 18 kwenye kila pipa lao, na mtoto akaijua namba ile kabla hajajua herufi yoyote. Alimsihi mama yake amtafutie kitabu. Mama, ambaye mwenyewe hakujua kusoma, alimletea cha Webster. Alikipata wapi, mtoto hakuwahi kujua. Hakukuwa na mtu mweusi jirani aliyeweza kumsaidia, na wazungu aliwaogopa, basi akapambana nacho peke yake kwa wiki kadhaa mpaka alfabeti ikaingia. Huyo ni Booker T. Washington, na kisa kimo katika Up from Slavery cha mwaka 1901.

Kupitia kwake habari hii inafika mpaka kwetu. Elimu ya ufundi na kilimo aliyoijenga katika shule yake ya Tuskegee iliwapendeza matajiri wafadhili na, baadaye, serikali za kikoloni. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes ya New York ilipita Afrika Mashariki. James Aggrey, mwalimu wa kutoka Gold Coast aliyekaa Marekani miaka mingi, alikuwa mmoja wa wajumbe. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa mfano wa walimu wa Jeanes waliokuwa wakizungukia shule za vijijini za weusi huko Virginia na majimbo ya jirani. Wazazi wetu na babu zetu waliletewa, kwa hiyo, upande mmoja wa mjadala wa Wamarekani weusi. Upande wa pili, wa W. E. B. Du Bois, aliyedai elimu ya juu na kura bila kuomba samahani, haukupewa nauli.

Mjadala wa vitabu ulikuwa unapamba moto nyumbani kwao pia. Mwaka 1919 Mildred Rutherford wa Athens, Georgia, mwanahistoria wa vyama vya kuwaenzi wapiganaji wa Kusini, alitoa kijitabu cha kupimia vitabu vya shule. Kataeni, aliwaambia walimu na kamati, kitabu chochote kinachomwita askari wa Kusini mwasi, kinachosema Kusini ilipigania kubaki na watumwa wake, au kinachowaonyesha wenye watumwa kuwa wakatili. Wakutubi aliwataka waandike kwenye kurasa za jina za vitabu vya namna hiyo kwamba havikuitendea Kusini haki. Wachapishaji walisikia, soko ni soko. Vizazi vya watoto, hata wa Kaskazini, vilisoma kwamba vita vilihusu haki za majimbo na kwamba kipindi cha baada ya vita, weusi walipopiga kura na kuingia mabungeni, kilikuwa aibu.

Du Bois alijibu mwaka 1935 kwa Black Reconstruction, kitabu kizito cha kurasa zaidi ya 700. Sura yake ya mwisho ndiyo ninayompendekezea yeyote anayetaka kujifunza historia ya Marekani, hata kama hatasoma nyingine: humo anavipekua vitabu vya shule vya wakati wake, anaonyesha vinawaambia watoto nini juu ya mtu mweusi, na anawataja wanahistoria wakubwa kwa majina. Carter G. Woodson alikuwa ameshachukua njia nyingine mwaka 1926, akaanzisha wiki ya historia ya watu weusi, inayoadhimishwa sasa kwa mwezi mzima wa Februari, na kuwatumia walimu vifaa vya kufundishia.

Kwenye fasihi mchujo ulikuwa wa kimyakimya zaidi. Orodha za shule ziliwapenda mshairi Longfellow na wenzake wa New England, ambao picha zao zilitundikwa madarasani. Mwanariwaya Herman Melville alifariki mwaka 1891 karibu amesahauliwa, akasubiri hadi miaka ya 1920 kufufuliwa. Zora Neale Hurston, ambaye riwaya yake Their Eyes Were Watching God ilitoka mwaka 1937, alizikwa Florida mwaka 1960 kwenye kaburi lisilo na jiwe. Mwandishi Alice Walker alikwenda kulitafuta mwaka 1973, akaweka jiwe, na makala aliyoandika miaka miwili baadaye ndiyo iliyosaidia kumrudisha madukani na vyuoni. Kiingereza cha Hurston si cha kuanzia. Msomaji akishamalizana na Douglass na kuzoea, afike hapo, na asikilize kilichosomwa kwa sauti kabla ya kukisoma kwa macho.

Hurston alifanya kazi pia katika mradi wa serikali wa waandishi, ulioanzishwa wakati wa mdororo wa uchumi ili waandishi wasife njaa. Mradi huo ulituma watu kuwahoji wazee waliokuwa hai ambao waliwahi kuwa watumwa. Kati ya mwaka 1936 na 1938 yalikusanywa masimulizi zaidi ya 2,300, na yote yako wazi kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Sijui hazina nyingine inayowakutanisha namna hii lugha, fasihi na historia. Ina mitego yake, hata hivyo. Wahojaji wengi walikuwa wazungu, wazee walikuwa maskini, na baadhi walidhani mgeni ametumwa na ofisi ya msaada. Lafudhi zao ziliandikwa kwa tahajia iliyovunjwavunjwa kwa mkono wa mwingine. Asiyeijua lugha asiichukulie kuwa picha ya sauti.

Chukua mfano wa Susan Hamlin wa Charleston, aliyehojiwa zaidi ya mara moja mwaka 1937. Mwanamke wa kizungu alikwenda kwake, na bibi akamsimulia bwana mwema na siku zisizo mbaya sana. Akaja Augustus Ladson, mhojaji mweusi. Bibi yuleyule alisimulia viboko, na mama wakilia watoto wao walipouzwa. Masimulizi yote mawili yamo kwenye mkusanyo. Yaweke kando kwa kando, soma swali la kila mhojaji kwanza, ndipo usome jibu.

Kwa masikio, zipo rekodi chache za sauti. Niipendayo ni ya Fountain Hughes, mzaliwa wa Charlottesville, Virginia, iliyorekodiwa Baltimore mwaka 1949. Alisema ana miaka 101 na kwamba babu yake alikuwa mali ya Thomas Jefferson. Anazungumza polepole, unaweza kumfuata hata kwa Kiingereza cha kidato cha pili ukirudiarudia. Anaeleza kwamba walilala sakafuni bila vitanda, kwamba huwezi kuvuka kwenda kwa mwingine bila hati, na kwamba wao waliuzwa kama ng’ombe na farasi. Baba yake alikufa vitani. Baada ya uhuru mama yake aliwatoa wakafanye kazi kwa dola moja kwa mwezi. Akiulizwa angechagua nini kama angerudishwa utumwani, anajibu kwamba angechukua bunduki ayamalize mara moja. Na sehemu nzima ya mwanzo wa mazungumzo, kabla hajaguswa na habari za utumwa, anaitumia kumwonya kijana mwenye mashine ya kurekodi asinunue kitu kwa mkopo: kama unataka nguo na fedha hazijatimia, ngoja zitimie, ulipe, uvae.